Maji ya Zamu, Mipira ya Kila Siku

Tangu nitandaze shambani mipira ya matone, ile yenye vitundu vya kudondoshea maji kwenye mzizi wa mmea, swali ninaloulizwa kuliko yote ni moja: "Mwalimu, ekari moja ni shilingi ngapi?" Naulizwa kwenye daladala, naulizwa nje ya kanisa, napigiwa simu na watu waliopewa namba yangu na watu nisiowajua. Nikianza kujibu naona mtu anakata tamaa, maana alitaka tarakimu moja aondoke nayo, na mimi sina. Kwanza namuuliza maji yake yanatoka wapi. Akisema kisima, dakika tano tumemaliza. Akisema mfereji, namwambia avute kiti.

Mimi ni mtu wa mfereji. Shamba la marehemu baba liko tambarare ya Hai, chini ya barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha, huku kwenye joto ambako ukitazama juu unauona mlima na mawingu yake na unajua mvua inanyesha kwa wenzako. Maji yetu ni ya mto Kikafu. Yanachepushwa kwenye banio, yanaingia mfereji mkuu, yanagawanywa, yanagawanywa tena, na yakifika kwangu siku njema ni kama lita 10 kwa sekunde. Nilipima pale yanaporuka jiwe: ndoo ya lita 20 inajaa kabla hujamaliza kusema "moja, mbili". Yanasikika mengi. Ila ni yangu kwa saa tatu tu, mara moja kwa wiki, usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, saa nane hadi saa kumi na moja alfajiri.

Anayejua zamu ya usiku hahitaji kuelezwa. Asiyejua, basi ajione amesimama gizani na mabuti ya mpira, tochi ameibana kwapani, jembe mkononi, anafungua mtaro wa kwanza huku anaziba wa pili kwa gunia la mchanga na kipande cha mgomba. Maji hayakusubiri. Ukichelewa kufungua tuta moja, lingine limeshabomoka. Na mara nyingi katikati ya zamu mkondo unapungua ghafla, unajua kuna mtu huko juu amejikatia kidogo. Baba alikuwa anapandisha mfereji na jembe begani, anatukana kwa Kichaga hadi maji yanarudi. Alipofariki nikarithi shamba na zamu pia. Mwanamke peke yake, saa tisa usiku, kupandisha mfereji kumtafuta mwizi wa maji ambaye naye ana jembe. Nilifanya hivyo misimu minne. Nilianza kufikiria matone kwa sababu hiyo, nilitaka kulala. Habari za kuokoa maji zilikuja baadaye, na zilikuja na matatizo yake ambayo nitayafikia.

Nilianza kama wengi wanavyoanza, na mipira. Muuzaji mmoja alinichorea kwenye karatasi: tanki la lita 5,000 juu ya kichanja cha mita moja na nusu, chujio dogo, paipu kubwa, na mipira ya kutosha nusu ekari ya nyanya. Mchoro ulikuwa mzuri. Nikalipa.

Sasa tufanye hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya kulipa. Nusu ekari ni kama mita za mraba 2,000. Mistari ikiachana mita 1.5, unahitaji mita 1,300 na ushee za mpira. Mpira wangu una tundu kila sentimita 30, kwa hiyo ni matundu zaidi ya 4,400, na kila tundu limetengenezwa litoe lita 1 kwa saa. Lita 4,400 kwa saa. Tanki limekwisha kabla maharage hayajaiva. Upande wa mimea, nyanya zilizokomaa kwenye jua la huku zinataka karibu milimita 5 za maji kwa siku, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nusu ekari inakunywa lita 10,000 kwa siku, 70,000 kwa wiki. Na mimi nilikuwa nimesimama pale na tanki la lita 5,000 na maji yanayokuja Alhamisi kwa Alhamisi. Nimefundisha kuzidisha darasa la nne kwa miaka kumi na moja.

Kulikuwa na kosa la pili ambalo wino wa muuzaji haukuligusa. Kila mita 10 za kushuka maji yanapata msukumo wa bar 1, na mpira niliouziwa ulitaka karibu hiyo bar 1 ili matundu yote yatoe sawa. Kichanja changu kilinipa bar 0.15. Mistari ya karibu na tanki ilikuwa inalowa, ya katikati inatokwa jasho, ya mwisho kabisa vumbi. Nilikuwa na nyanya za vimo vitatu kwenye shamba moja, mtu angedhani nafanya utafiti. Wenzetu wa juu mlimani wana bahati hapo: nani ana shamba lenye mteremko wa mita 10 na hahitaji pampu? Wao. Huku chini ni bapa kama sinia.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba sikuuziwa kitu kibovu. Niliuziwa kitu cha mahali pengine. Matone haya tunayoyaona leo yalikuzwa Israeli na mhandisi Simcha Blass, na kampuni ya Netafim ikaanzishwa mwaka 1965 katika Kibbutz Hatzerim, jangwa la Negev. Mwaka mmoja nyuma yake nchi ile ilikuwa imemaliza bomba lake kubwa la kupeleka maji kusini. Mkulima wa kule maji yanamfikia ndani ya bomba, yana msukumo, na akifungua koki leo yapo, kesho yapo. Matone yalizaliwa nyumba hiyo. Yanataka kidogo, kila siku, na yanataka kusukumwa. Mfereji unakupa mengi, mara moja, yakitembea polepole na tope lake. Ukiviunganisha hivi viwili bila kitu katikati, unapata nyanya zangu za vimo vitatu.

Kitu cha katikati alinitajia mama, na hakuna mtu aliyemlipa. Mama ni Mpare wa milimani Same. Alikuja kunitembelea, akazunguka tanki mara mbili akiwa ameshika kiuno, akaniuliza hili birika ni la nini. Nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, hapa hukuhitaji birika. Chimba ndiva."

Ndiva kwao ni lambo. Kijito cha Upare ni chembamba. Ukikiachia kitembee mferejini mchana kutwa kinanyweka na udongo kabla hakijafika shamba la kwanza. Kwa hiyo wanakiziba jioni, kinajaza ndiva usiku kucha, asubuhi wanazibua na maji yanatoka kwa kishindo cha kufika mbali. Ndiva zina umri kuliko serikali zote tulizowahi kuwa nazo, zimesimamiwa na koo, zina siku zake na miiko yake. Wapare wanakusanya kidogo kidogo ili watoe mengi kwa pamoja. Mimi nilihitaji kinyume chake, kupokea mengi kwa pamoja nitoe kidogo kidogo. Shimo ni lile lile.

Nikachimba. Juu mita 10 kwa 12, kuta zimelala, chini mita 6 kwa 8, kina mita 2. Linabeba kama lita 160,000. Vijana sita, siku tisa, kwa sepetu, kisha nailoni nzito nyeusi juu yake maana udongo wetu haushiki maji. Nailoni na shimo vilinila pesa kuliko mipira, paipu na chujio kwa jumla, na hii ndiyo sababu sina jibu fupi la "ekari moja ni shilingi ngapi". Halafu pampu ndogo ya sola ya kunipa msukumo. Zamu moja ya saa tatu inaniletea kama lita 108,000. Nyanya zinachukua 70,000. Jua lenyewe linakunywa juu ya bwawa lita 600 na zaidi kila siku, sawa na 5,000 hivi kwa wiki, huo ni ushuru wake na hakuna wa kumshtaki.

Kama unataka kuchimba, naomba usiruke hili: nailoni ikilowa ni sabuni. Wiki ya pili mbuzi wa jirani aliingia kunywa na hakuweza kutoka. Tulimkuta asubuhi. Nililipa mbuzi, nikazungusha uzio siku hiyo hiyo, nikafunga kamba nne zenye mafundo kuanzia ukingoni hadi chini kwenye kila ukuta. Angekuwa mtoto.

Nilipokuja kusoma zaidi niligundua kuna watu wengine waliofika pale pale kwa njia yao. Jimbo la Rajasthan, India, wana mifereji mikubwa na zamu wanayoiita warabandi: kila shamba na dakika zake kwa wiki kulingana na ukubwa wake, usiku na mchana, ukikosa dakika zako umekosa. Mfereji wa Narmada ulipofika kwao mwaka 2008, upande wa Sanchore, wilaya ya Jalore, serikali iliweka sharti kwamba hakuna kumwagilia kwa kufurisha, ni kwa mitambo ya kunyunyizia tu. Na kwa sababu zamu na mtambo haviongei lugha moja, maji yanaingia kwanza kwenye bwawa wanaloliita diggi, ambalo wakulima kadhaa wanalitumia kwa pamoja, kisha yanasukumwa kwa pampu. Nilipoona picha za diggi nilicheka peke yangu. Mama hajawahi kufika hata Dodoma.

Sasa tope.

Kikafu wakati wa masika ina rangi ya chai ya maziwa, na ukiiacha kwenye glasi nusu saa unaona mchanga chini, kisha udongo laini, kisha kitu chepesi kinachoelea ambacho hakitaki kutua. Mchanga hauna shida, unatua mlangoni mwa bwawa. Nilijenga kijishimo cha tofali kabla ya bwawa, maji yanazunguka humo kwanza, na kila mwezi nakizoa kwa sepetu. Tope la kijishimo hicho nalimwaga kwenye migomba. Udongo laini unatua bwawani kwa siku mbili tatu, ndiyo maana bomba la kuvuta nimelining'iniza kwenye dumu linaloelea, linyonye maji ya juu juu na si ya chini. Kinachobaki kinakutana na chujio la visahani, vile visahani vya plastiki vilivyobanana kama sarafu, vinavyozuia chembe inayozidi maikroni 130, yaani kama sehemu ya nane ya milimita.

Jumamosi ni siku ya kuosha. Unafunga koki, unafungua kifuniko, visahani vinatoka vikiwa na utando wa kahawia na kijani unaoteleza kama bamia. Unavitenganisha kwa kidole ndani ya ndoo hadi maji ya ndoo yanageuka supu. Halafu unaenda mwisho wa mistari. Kila mpira mwishoni umekunjwa na kubanwa na kipete cha umbo la 8. Unavua kipete, mpira unakohoa, unatema hewa, kisha unatoka mkunjo wa maji meusi wa urefu wa mkono, kisha ya kahawia, kisha meupe. Unasubiri meupe. Mstari kwa mstari. Mara ya kwanza niliiona kama adhabu. Siku hizi mwanangu wa darasa la sita anaipigania, maana maji meusi yanatoka kwa kasi na unaweza kumlenga nayo dada yako.

Tundu likiziba, hakuna kelele. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi kuhama kutoka mfereji kuja matone. Mfereji ukibomoka unasikia, unaona ziwa kwa jirani, jirani naye anakuja kupiga kelele. Tundu likiziba unaambiwa na mmea baada ya siku nne, saa saba mchana, majani yamening'inia kama masikio ya punda, na ukifukua chini ya mpira unakuta vumbi. Ikabidi nijifunze kutembea mistari asubuhi nikitazama ardhi na si mimea. Duara la unyevu chini ya kila tundu, la ukubwa wa sahani ya chakula: lipo, lipo, lipo, halipo. Panya nao wana mchango wao. Kiangazi wanatafuna mpira wapate kunywa, na siwezi kuwalaumu. Niliwawekea visahani vya maji pembeni mwa shamba. Majirani walinicheka, lakini matobo yalipungua.

Na kuna magadi. Udongo wa huku chini una chumvi yake, wote tunaijua, wengine tumeacha vipande vya shamba kwa sababu yake. Maji ya kufurisha yalikuwa yanaisukuma chini. Matone hayaisukumi mbali, yanaipeleka hadi ukingo wa lile duara la unyevu na kuiacha hapo. Mwisho wa msimu wa kwanza kila mmea ulikuwa umezungukwa na pete nyeupe. Mvua za masika ziliifuta nikashukuru. Mwaka ambao masika itakuwa haba itabidi nitoe zamu nzima ya maji nifurishe shamba kwa makusudi. Wauzaji wa matone hawapendi kusikia habari hizi.

Mazuri nitayataja haraka kwa sababu ni ya kweli na kila kipeperushi kinayasema. Magugu yamepungua kwa sababu katikati ya mistari ni pakavu. Mbolea naiyeyusha kwenye ndoo inafuata maji hadi kwenye mzizi. Mnyauko wa bakteria, ambao zamani ulitembea na maji kutoka mmea wa kwanza hadi wa mwisho kwenye mtaro mmoja, sasa ukimpata mmoja unabaki kwake. Kantangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, haijali mipira, imebaki vile vile. Na nalala. Alhamisi saa nane nafungua geti la bwawa, narudi kitandani, saa kumi na moja nafunga. Hakuna matuta ya kukimbizana nayo. Mtu akijikatia maji huko juu naamka nikakuta bwawa halijafika alama, nakasirika nikiwa nimevaa viatu vikavu.

Ningekuwa naandika kwa ajili ya muuzaji, ningeishia hapa.

Chini ya shamba langu, ng'ambo ya mtaro wa mwisho, kuna kipande cha mama mmoja mjane. Ni kidogo, labda robo ya robo ekari. Hayumo kwenye orodha ya zamu, kipande chake hakijawahi kuwemo. Miaka yote ya baba, na ya kwangu minne, alilima magimbi na mchicha pale, na kila Jumamosi alikuwa na mafungu ya kupeleka sokoni. Sikuwahi kujiuliza anamwagilia kwa maji gani. Msimu wa pili wa matone alikuja kwangu asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Nimekuja kukuuliza. Umenifungia maji kwa kosa gani?"

Nikamwambia sijafunga kitu. Akanichukua tukaenda. Mtaro wa mwisho ulikuwa umekauka, una nyufa za kuingiza kidole. Magimbi yamejikunja. Mchicha umeota maua ukiwa na kimo cha kidole gumba. Ndipo nikaelewa. Yale maji niliyokuwa natangaza kwa watu kwamba "yalikuwa yanapotea", yaliyonishinda usiku, yaliyobomoa matuta, yaliyozama chini ya mahindi na kuchuruzika upande wa pili, yalikuwa na anwani. Yalikuwa yanaenda kwake.

Hili limenifanya nisome kuliko nilivyosoma chuoni. Kumbe ni jambo linalojulikana na limebishaniwa sana. Jarida la Science lilichapisha mwaka 2018 makala ya watafiti waliosema wazi kwamba teknolojia ya kubana maji shambani mara nyingi haiongezi maji mtoni, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya mama wa magimbi: sehemu ya maji tunayoyaita hasara yanazama, yanaibuka kwenye chemchemi, kwenye kisima, kwenye mtaro wa mtu wa chini. Ya pili nilikuwa nimeshaitenda kabla sijaisoma. Zamu yangu lita 108,000, nyanya 70,000, jua 5,000. Zimebaki 33,000. Unadhani nilizirudisha Kikafu? Nilipanda robo ekari ya pilipili hoho. Robo tatu ya ekari kwa lita 15,000 kwa siku ni 105,000 kwa wiki. Zamu yote imekwisha, hadi tone. Nimevuna zaidi kwa maji yale yale, ni kweli, na siombi radhi kwa hilo, nina ada za watoto. Lakini mtu asije akasema nimeokoa maji. Nimeyanywa yote. Zamani nilikuwa namwaga mengine.

Na chini ya mama wa magimbi wako wengine. Kikafu inaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na maji yakitoka hapo yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Pangani kabla ya kufika baharini. Kila mtu kwenye mto huu ni wa juu kwa mtu fulani. Wazee wa Chekereni na Mabogini hawahitaji makala ya Science kuambiwa. Mradi wao wa mpunga wa Lower Moshi ulikamilika mwaka 1987 kwa mkopo wa Japani, umepangwa kwa hekta 2,300, mabanio ya zege, mifereji iliyosakafiwa, kila kitu. Mpunga ukastawi kiasi kwamba watu wa juu ya banio kwenye mto Rau nao wakaanza kulima mpunga, wakachota maji kabla hayajafika. Majaruba ya mradi yakabaki bila maji ya kutosha. Zege halikuwa na kosa lolote.

Mgogoro wetu ulikuwa mdogo zaidi na ulifika kwenye msaragambo. Mara mbili kwa mwaka tunasafisha mfereji kuanzia banio, kila nyumba inatoa mtu na jembe, asiyekuja analipa faini. Zamani ilikuwa pombe ya mbege, siku hizi ni pesa. Wakati huo tulikuwa tumefika watatu wenye mabwawa kwenye tawi letu, na mmoja wetu alikuwa ametuma pesa badala ya kuja, kwa maelezo kwamba yeye "hategemei tena mfereji". Mzee wa mfereji alilisoma hilo mbele ya watu wote, akiwa amesimama ndani ya maji hadi magotini. Akauliza bwawa lake linajazwa na malaika? Tukacheka. Yeye hakucheka. Akasema wenye mabwawa wana usingizi sasa, wana maji kila siku, waangaliwe kama wanastahili zamu nzima.

Mabishano yalichukua asubuhi yote. Mmoja akataka tupunguziwe saa moja. Mwingine akasema tukipunguziwa itakuwa adhabu kwa aliyechimba, na nani atachimba tena? Mimi nilinyamaza kwa sababu nilijua habari za pilipili hoho. Mwishowe hakuna kilichopunguzwa, ila ilikubaliwa kwamba wenye mabwawa hawatalipa faini badala ya kazi, watakuja wenyewe au watatuma mtu mwenye jembe. Nilikwenda. Desturi ya zamani wanawake hatukusafisha mfereji, na wapo wazee walioangalia pembeni nilipoingia na mabuti yangu. Mzee wa mfereji alinipa kipande cha kusafisha chenye mizizi ya mkuyu. Sijui kama ilikuwa heshima au kinyume chake. Mikono ilinivimba siku tatu.

Kwa mama wa magimbi nilipeleka suluhisho la kitaalamu: mita 40 za mpira na koki yake mwenyewe, kutoka kwenye bomba langu. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaushika mpira, akaukunja, akatazama tundu. "Mwalimu, gimbi linataka kusimama kwenye maji. Hiki ni kitu cha kunyonyeshea ndege." Alichotaka ni mtaro wake.

Kwa hiyo nimechimba tundu kwenye ukingo wa bwawa, sentimita 20 chini ya juu kabisa, nikapitisha bomba la inchi 3 linalomwaga upande wake. Bwawa likijaa, yanayozidi ni yake. Mchoro mzuri kuliko wa yule muuzaji. Isipokuwa kwamba kwa robo tatu ya ekari bwawa halijai. Kufika usawa wa bomba lile ni lazima niache kitu. Januari iliyopita, kiangazi kikali, niliiacha robo ya hoho bila kupanda na maji yakafika kwake wiki saba mfululizo. Juni bei ya hoho ilikuwa nzuri, nikapanda, na mtaro wake ukakauka tena hadi vuli. Hajaja kuniuliza mara hii. Tunasalimiana.

Jana, alfajiri ya Ijumaa, niliamka saa kumi na moja kufunga geti. Bwawa lilikuwa limepita alama ya juu, maji yanagonga mdomo wa bomba, yanaingia kidogo na kurudi, yanaingia kidogo na kurudi. Nikakaa ukingoni nikaliacha geti wazi dakika kumi za mwenye zamu anayenifuata. Ng'ambo kulikuwa na tochi inatembea.

"Mwalimu, ni wewe?"

"Ni mimi mama."

"Yanakuja?"

"Yanakuja."

"Basi usifunge, nazibua hapa."